Kinyozi Hajinyoi: Kwa Nini Kiongozi Hawezi Kujitambua Peke Yake

Kwenye kumbi za mikutano za Moshi mjini kuna zoezi ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye semina ya uongozi analifahamu. Mwezeshaji anagawa karatasi na maka peni, anasema kila mtu aandike mambo matatu ambayo ni udhaifu wake. Ukumbi unanyamaza, kisha watu wanasoma walichoandika. Mmoja anaamini watu haraka mno. Mwingine ana huruma iliyopitiliza. Wa tatu anapenda kazi ifanyike vizuri mpaka anajichosha. Wenzao wanatikisa vichwa, karatasi zinabandikwa ukutani, na watu wanatoka kwenda kunywa chai ya saa nne. Hakuna aliyeandika kwamba huwakata wenzake kauli, au kwamba huchelewesha malipo ya mtu aliyembishia, au kwamba watu huacha kucheka anapoingia ofisini.

Nisingesema walidanganya. Wengi waliandika walichokiona walipojitazama, na hapo ndipo tatizo lilipo. Tunaambiwa tujitafakari kana kwamba anayetafakari ni mtu mwingine, asiye na upendeleo, aliyekaa pembeni na daftari. Kumbe anayekagua na anayekaguliwa ni yule yule, na mkaguzi ana kila sababu ya kupitisha hesabu. Wahenga walishamaliza kwamba kinyozi hajinyoi. Swali linalobaki ni la kiutendaji: kiongozi anyolewe na nani, ikiwa waliomzunguka wanaogopa kushika wembe?

Kujijua ndani, kujijua nje

Tasha Eurich, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2018 matokeo ya utafiti wake uliohusisha karibu watu 5,000. Wengi mno waliamini kwamba wanajitambua. Kwa vipimo vyake, waliojitambua kweli walikuwa asilimia 10 hadi 15. Namba hiyo hupenda kunukuliwa kwenye semina, lakini kwangu cha maana zaidi ni jambo jingine alilolibaini: kwamba kuna kujitambua kwa aina mbili, na kuwa na moja si dalili ya kuwa na nyingine. Kuna kujua ya ndani, yaani unathamini nini, unakasirishwa na nini, unataka nini maishani. Na kuna kujua jinsi wengine wanavyokuona na kukupokea.

Tumchukue mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, upande wa Kibosho au Uru. Ni mtu wa kubuni, ila sidhani kama itakuwa vigumu kumpata mfano wake. Huyu ya ndani anayajua. Anajua hana subira, anapenda utaratibu, anachukia wizi kutoka moyoni. Asichokijua ni kwamba akitazama saa na kusema "tuendelee," wajumbe wanasikia "nyamazeni." Amesema neno hilo kwenye kila kikao tangu achaguliwe. Kwake ni kubana muda. Kwa mama aliyekuwa amekusanya ujasiri wa kuuliza makato ya kilo yanakwendaje, ni mlango uliofungwa.

Eurich aliona jambo jingine ambalo linapingana na mazoea yetu. Watu waliojitambua vizuri hawakuwa wanajiuliza sana "kwa nini." Walijiuliza "nini." Mwanzoni inaonekana kama mchezo, lakini jaribu mwenyewe. Mkutano mkuu umeharibika, watu wamepiga kelele, wamekataa taarifa ya mapato. Mwenyekiti anarudi nyumbani, anajiuliza: kwa nini wananipinga? Majibu yanakuja bila kuitwa. Ni wivu. Wametumwa. Yule mhasibu wa zamani hajakubali kuondoka. Swali la "kwa nini" linaomba hadithi, na sote ni mafundi wa hadithi ambazo sisi wenyewe ndio waungwana ndani yake. Sasa abadilishe swali: nilikuwa nimesema nini kabla kelele hazijaanza? Nani alianza, na mara ya mwisho kuongea kikaoni ilikuwa lini? Ni kitu gani waliuliza mara mbili bila kujibiwa? Haya yana majibu yanayoweza kukaguliwa kwenye kumbukumbu za kikao. Hayatii raha, lakini yanampa mtu pa kushika.

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mchoro ambao mpaka leo ni mzuri kuliko maelezo mengi yaliyofuata. Waliuita Dirisha la Johari, kwa kuunganisha majina yao ya kuitana, na lina vioo vinne. Kwenye kioo cha kwanza kuna yale ambayo mimi nayajua na wenzangu wanayajua. Cha pili kina yale ninayoyajua mimi na kuwaficha wengine. Cha tatu kina yale wanayoyaona wengine nisiyoyaona mimi. Cha nne kina yale ambayo bado hakuna anayeyajua, hadi msiba au cheo yatakapoyatoa. Mchoro unasema vioo hivi havina ukubwa wa kudumu. Ukijieleza kwa watu, kioo cha pili kinapungua. Ukiambiwa na watu, cha tatu kinapungua. Hakuna njia ya kukipunguza cha tatu kwa kutafakari, hata ukifunga na kuomba siku arobaini. Kinapunguzwa na midomo ya wengine tu.

Na wengine hao ni akina nani? Kwenye vyama vya kahawa vya mlimani, mwanachama mara nyingi ni mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mwenye kihamba mara nyingi ni mwanaume. Anayechuma, anayechambua, anayeamka alfajiri kuwahi mashine ya kumenya, mara nyingi ni mkewe, ambaye hana kadi ya uanachama wala haki ya kupiga kura. Mwenyekiti akiuliza wanachama wanamwonaje, amewauliza waliofanana naye. Mtu aliyesimama foleni na ndoo ya kahawa akajibiwa vibaya na karani hayumo ukumbini.

Cheo na ukimya

Kuna watu hudhani uzoefu na cheo vinaleta kujitambua. Tafiti alizozinukuu Eurich zilionyesha kinyume chake: viongozi wenye uzoefu na madaraka zaidi ndio waliokuwa na tabia ya kujikadiria kupita kiasi. Sababu haihitaji maabara. Kadiri unavyopanda, ndivyo wanaoweza kukwambia ukweli bila gharama wanavyopungua.

Huku kwetu kuna heshima juu yake. Mwenyekiti ni mzee, ni meku kama Wachaga wanavyomwita mzee wa heshima, amepewa shikamoo tangu alipotoka langoni kwake. Mjumbe mwenye miaka thelathini na mbili atamwambiaje kwamba taarifa yake haieleweki? Atasema, "Mwenyekiti umenena, ila labda kwa kuongezea kidogo..." na baada ya hapo ukosoaji wenyewe utakuwa umefungwa kwa tabaka nyingi za adabu hata mlengwa asiupate. Kwenye kundi la WhatsApp la chama, mwenyekiti akiweka tangazo kunafuata mikono ya kuomba na vidole gumba mstari mzima. Halafu jioni, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka, watu hao hao wanachambua uongozi wake hoja kwa hoja, kwa ufasaha ambao ungeokoa chama kama ungesemwa saa nane mchana barazani kwa ofisi.

Kwa hiyo mwenyekiti anaishi kati ya sifa. Hajui kwamba ukimya alioupata si kibali. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na fumbo hili miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Data zikaonyesha timu zilizokuwa na uongozi mzuri na ushirikiano zimeripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba hazikuwa lazima zinakosea zaidi. Zilikuwa zinathubutu kusema. Kwenye wodi nyingine makosa yalikuwepo, yamefichwa chini ya kapeti, kwa sababu muuguzi aliyesema jana alifokewa mbele ya watu. Ukimsikia kiongozi anajisifu kwamba katika kipindi chake chote hajawahi kupokea lalamiko hata moja, mhurumie.

Wako pia akina David Dunning na Justin Kruger, ambao mwaka 1999 waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na vichekesho, kisha wakawaomba wajikadirie. Robo ya chini kabisa, ambayo kwa wastani ilikuwa kwenye nafasi ya 12 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, ilidhani iko kwenye nafasi ya 62. Watakwimu bado wanabishana ni kiasi gani cha pengo hilo kinatokana na namna ya kupima, na mimi sipendi jinsi utafiti huu ulivyogeuzwa fimbo ya kuwapigia watu tunaowaona wajinga. Ulikuwa unasema jambo la upole zaidi: ujuzi unaohitajika kufanya kazi vizuri ndio ule ule unaohitajika kugundua kwamba hukuifanya vizuri. Asiyejua kusoma mizania hawezi kujua kwamba hajui. Anahitaji mtu wa kumwonyesha mstari ulipokosewa.

Mwalimu na vyama vya ushirika

Mfano mkubwa wa jambo hili uko hapa hapa Moshi, na unamhusu mtu aliyejitahidi kujikosoa hadharani kuliko viongozi wengi wa zama zake.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mwaka huo huo aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU wakosoane na kujikosoa, na akasisitiza kwamba ukweli haujali mkubwa wala mdogo. Ni maandishi mafupi na makali, na ukiyasoma huwezi kusema mwandishi wake hakulijua somo hili.

Sasa tuangalie ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wameanzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuja kuwa cha kupigiwa mfano Afrika. Hakikuwa malaika. Mwaka 1937, miaka minne tu baada ya kusajiliwa, wakulima walizusha vurugu wakilalamikia bei na kulazimishwa kuuza kupitia chama. Yaani hata chombo cha wakulima chenyewe kilikuwa kimeacha kuwasikia wakulima. Baada ya uhuru vyama viliongezeka haraka nchi nzima, vingine kwa msukumo wa siasa, na mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ikabaini ubadhirifu, uendeshaji mbovu na wanachama wasiojua haki zao. Ugonjwa ulikuwepo, na uongozi uliuona.

Dawa iliyofuata ndiyo ya kutazamwa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo. Vijiji vikapewa kazi ya vyama vya msingi, na mamlaka za mazao za serikali zikachukua ununuzi. Mkulima wa Machame au Marangu aliyekuwa na uwezo wa kumsimamisha kiongozi wa chama chake kwenye mkutano mkuu, sasa alikabidhi kahawa yake kwa watu ambao hakuwachagua na asingeweza kuwaondoa. Mambo hayakwenda. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kurudisha vyama, na KNCU ikarejea mwaka 1984. Mwaka huo huo Nyerere alisema kwenye mahojiano kwamba kama angeanza upya, kuna mambo ambayo asingeyarudia, akataja mawili: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika.

Viongozi wangapi waliokaa ikulu miaka zaidi ya ishirini wametaja makosa yao kwa majina namna hiyo wakiwa bado madarakani? Lakini ukiyatazama makosa yenyewe mawili, yana kitu kimoja kinachoyafunga. Baraza la wilaya na chama cha ushirika vilikuwa ni mahali ambapo watu wa kawaida waliweza kuwaambia wakubwa kwamba hapa mmekosea. Vilipovunjwa, njia za habari mbaya kupanda juu zilivunjwa navyo. Mtu anaweza kuwa na moyo wa kujisahihisha kuliko wote, akaondoa mwenyewe vyombo ambavyo vingemsahihisha mapema. Ndiyo maana ilichukua miaka. Moyo ulikuwepo tangu 1962. Masikio ndiyo yaliyopunguzwa.

Chris Argyris, mwalimu wa muda mrefu wa Harvard, alitofautisha kujifunza kwa namna mbili. Ya kwanza ni kurekebisha kitendo: meneja ameiba, mfukuze, weka mwingine, vyama vimeharibika, vifute, weka mamlaka. Ya pili ni kurudi nyuma hatua moja na kuhoji dhana iliyozaa kitendo: ni kweli kwamba tatizo la vyama ni vyama? Au ni kwamba wanachama hawakuwa na nguvu ya kutosha juu ya viongozi wao, na sasa tunaenda kuwapunguzia hata ile kidogo? Yeye na mwenzake Donald Schön walionyesha pia kwamba kila mtu ana kanuni anazozitamka na kanuni anazozitenda, na kwamba pengo kati ya hizo mbili halionekani kwa mwenyewe. Mwenyekiti wetu anatamka ushirikishwaji. Anachotenda ni "tuendelee."

Muhuri kwenye mfuko wa koti

Tuseme ameambiwa, amesikia, na amekubali. Je, atabadilika? Mara nyingi hapana, na si kwa sababu ni mnafiki.

Robert Kegan na Lisa Lahey, nao wa Harvard, wametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu wanaotaka kubadilika kwa dhati hawabadiliki. Jibu lao ni kwamba mtu huwa ana ahadi mbili kwa wakati mmoja: ile anayoitangaza, na nyingine aliyojiwekea kimya kimya, inayomlinda na jambo analoliogopa. Hizo mbili zinavutana, na mtu anabaki palepale huku akitoka jasho.

Nani anaishi Kilimanjaro na hajaona hili kwenye kihamba? Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, imetoa aina za miche zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yanayomlazimisha mkulima kununua dawa kila msimu. Mzee anajua. Amehudhuria mafunzo, anaweza kumweleza jirani faida za mche mpya kuliko bwana shamba. Na mibuni yake ya zamani, iliyozeeka na kuchakaa, bado imesimama. Mtaalamu mgeni ataandika kwenye ripoti kwamba elimu zaidi inahitajika. Lakini mibuni ile ilipandwa na baba yake, na baba yake amezikwa hatua chache kutoka hapo, katikati ya migomba. Ni mpaka na jirani. Ni ushahidi kwamba kihamba hiki ni cha ukoo huu. Na mche mpya utakaa miaka mitatu hivi kabla ya kulipa, miaka ambayo yeye hana uhakika nayo. Anapokataa kung'oa, kuna kitu anakilinda, na kitu hicho si upuuzi. Asipokitaja, hata yeye mwenyewe ataendelea kudhani anasubiri tu mvua za masika zinyeshe vizuri.

Mwenyekiti naye ni hivyo hivyo. Ametangaza kwenye mikutano miwili mitatu kwamba anataka vijana washike nafasi. Anamaanisha. Lakini muhuri wa chama unalala kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na akienda kwenye msiba Rombo, barua za chama zinasubiri mpaka arudi. Ukimwuliza kwa nini asimwachie katibu, atasema ni usalama. Swali linalofaa hapa ni lile la Kegan na Lahey: unaogopa nini kitatokea? Sijui wewe ungejibu vipi. Wengi, wakikaa na swali hilo bila kulikimbia, hufika mahali kama hapa: naogopa chama kitakwenda vizuri bila mimi, halafu nitakuwa nani? Mtu aliyestaafu kazi Arusha akarudi nyumbani na kupewa uenyekiti, watu wakaanza kumsimamia anapopita, hagombani na vijana. Anagombana na kurudi kuwa mzee wa kawaida anayekatia ng'ombe majani.

Kulijua hilo hakumbadilishi papo hapo, na hawa watafiti hawashauri mtu ajirushe. Wanashauri jaribio dogo lisilovunja kitu, la kuipima ile hofu. Muhuri ukae kwa katibu wiki mbili, kwa maandishi, barua zote zinazogongwa ziingie kwenye daftari. Makamu aongoze kikao kimoja huku mwenyekiti amekaa upande wa wajumbe, na ruhusa ya kuongea mara moja tu. Kisha atazame kilichotokea, alinganishe na alichokihofia. Pengine ataona hofu yake ilikuwa na msingi katika jambo moja na haikuwa na msingi katika mengine manne, na sasa anajua ni lipi. Kuwa tayari kubadilika hakumaanishi kuwa bendera inayofuata kila upepo wa mfadhili na kila mwezeshaji aliyekuja na lugha mpya. Kuna vitu vya kushikilia. Anayepima ndiye anayeweza kujua ni vitu gani.

Mtani na mshenga

Wengi wanaofundisha uongozi huagiza dawa ya mrejesho kutoka vitabu vya makampuni ya Ulaya na Marekani: fomu isiyo na jina, kikao cha ana kwa ana, mwambie bosi wako ukimtazama machoni. Sina ubaya navyo. Ila hapa fomu isiyo na jina ndani ya chama ambacho kila mtu anajua mwandiko wa kila mtu haifichi chochote, na kumtazama mzee machoni ukimwambia kasoro zake ni vita.

Hata hivyo nchi hii haijawahi kukosa njia ya kumwambia mkubwa ukweli. Kuna utani. Wachaga na Wapare ni watani, na mtani ana leseni ambayo hata mtoto wa kuzaa hana. Msibani, wakati kila mtu anamsifu marehemu, mtani anaweza kusimama na kumkumbusha kila mtu kwamba huyu bwana alikuwa hatoi nauli. Mchaga atatajiwa mapenzi yake na pesa, Mpare atatajiwa ubahili wake, watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na ndani ya kicheko ukweli umeshapita. Kiongozi mwenye akili hutafuta mtani wake na kumweka karibu. Katibu Mpare kwenye AMCOS ya Wachaga ni mali, mradi apewe nafasi ya kutania kabla ya kikao na si baada ya chama kufilisika.

Kuna mshenga pia. Tunamtumia kwenye posa kwa sababu tunajua kuna maneno ambayo wahusika wakiambiana wenyewe yatavunja kitu, lakini mtu wa tatu akiyabeba yanafika salama. Mwenyekiti anaweza kumteua hadharani mtu mmoja, bibi anayeheshimika au mwalimu mstaafu, akasema: mwenye neno juu yangu ampe huyu, na huyu ataniletea kila mwezi bila kutaja jina. Aliyeteuliwa anapata ulinzi wa kazi yake. Si mmbea tena, ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Halafu kuna mambo madogo ya ratiba. Kwenye vikao vyetu ukweli umetengewa chumba chake mwisho kabisa, kwenye ajenda ya Mengineyo, saa kumi na moja kasoro, mvua inatishia na watu wanatafuta bodaboda ya kuwapandisha. Mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo kwa sauti ya mtu aliyeshafunga daftari. Hakuna kanuni inayokataza ajenda hiyo kuletwa juu, mara tu baada ya sala ya kufungua kikao, watu wakiwa bado wana nguvu. Na swali lenyewe lisiwe "mnanionaje," ambalo halina jibu la adabu isipokuwa "vizuri." Liwe dogo, la kitendo: kikao kilichopita kuna aliyetaka kuongea akakosa nafasi? Ni jambo gani moja nilifanye tofauti leo? Mtu mwenye heshima zake anaweza kulijibu hilo bila kujisikia amemvua mzee nguo.

Mara ya kwanza hatajibu mtu. Mara ya pili atajibu mmoja, pengine yule kijana wa miaka thelathini na mbili, na atasema jambo dogo la kupima maji: kwamba taarifa ya mapato isomwe kwa Kiswahili chepesi na namba ziandikwe ubaoni. Ukumbi mzima hautamtazama yeye. Utamtazama mwenyekiti, na baada ya siku hiyo utafuatilia kinachompata kijana: kama jina lake litabaki kwenye orodha ya wanaokwenda kwenye mafunzo ya ushirika mjini, kama mkopo wake wa pembejeo utacheleweshwa, kama mwenyekiti atampita barabarani na pikipiki bila kusimama. Majibu ya mwenyekiti papo hapo, hata yakiwa mazuri, hayana uzito kama hayo, maana kila kiongozi anajua kusema "asante kwa mchango wako."

Kikao kinachofuata, katibu anasoma kumbukumbu, wanafika kwenye Yatokanayo. Kama hoja ya kijana imo, imeandikwa kama alivyoisema, mbele yake kuna jina la mhusika wa utekelezaji ambalo ni la mwenyekiti mwenyewe, na ubao umeshaletwa na chaki ipo, basi yule mama wa makato ya kilo, aliyekuja kwa kadi ya marehemu mumewe na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, huenda akanyoosha mkono.